Hapana, Wachina hawasomi picha

Kuna maneno nimechoka nayo na leo wacha niyaandike yaishe. Kila mtu akisikia nilisomea kichina pale Egerton, Njoro, swali linalofuata ni lile lile, "Kwani mnasoma aje hiyo michoro?" na kabla sijafungua mdomo ananijibia mwenyewe, ati kila alama ni picha ya kitu, ukiiona unajua huyu ni ng'ombe na hii ni nyumba, kwa hivyo Mchina hahitaji sauti kichwani, anaangalia tu na maana inaingia. Nimeambiwa hivyo na fundi wa pikipiki hapa Bondeni, nikaambiwa na mwalimu mstaafu, nikaambiwa tena na mjomba wangu wa Kisumu ambaye kulingana na yeye mwenyewe hajawahi kukosea kitu tangu azaliwe.

Sio uongo mtupu. Kuna alama zilizoanza kama picha kweli, 山 ni mlima, 木 ni mti, 口 ni mdomo, ukishaonyeshwa unaona. Laoshi yeyote, yaani mwalimu wa kichina, siku ya kwanza atawaonyesha hizo na darasa litachangamka, kumbe kichina ni rahisi hivi. Halafu inakuja wiki ya pili na furaha inapoa, juu hizo picha ni chache sana na lugha imejaa maneno ambayo hayachoreki. Hebu chora "ingawa". Chora "deni". Chora "labda tutaonana Jumatano", nikuone.

Kinachofanyika ni hivi. Alama moja ni silabi moja, na hiyo silabi karibu kila mara ina maana yake. Na alama nyingi, zaidi ya asilimia 80, zimeunganishwa kutoka vipande viwili, kimoja kinakuonyesha maana iko upande gani na kingine kinakudokezea sauti. Yaani nusu ya alama inaongea na sikio. Hiyo ndiyo habari ambayo watu wa "picha picha" huwa hawaipati kabisa.

Tuchukue samaki, maana hapo watu wa Kisumu hawatalala. Mnajua zile katoni za samaki wa China, wale waliogandishwa, ambao mama wa soko la Kibuye atakuuzia huku akikuapia ni wa Dunga, pale ziwani. Ukiangalia katoni utakuta 鱼, inasomwa yú, ndiyo samaki (vialama juu ya herufi ni toni, yaani sauti inapanda au inashuka). Sasa hiyo alama ukiiona imebanwa kando ya nyingine, tayari unajua tuko majini. 鲤 ni samaki yule kwa kiingereza wanaita carp, na inasomwa lǐ kwa sababu kile kipande cha kulia 里 chenyewe kinasomwa lǐ. 鲸 inasomwa jīng kwa sababu 京 ni jīng, ile ya Beijing. Na hiyo 鲸 ni nyangumi, ambaye sio samaki, lakini aliyeunda hiyo alama hakuwa amesoma bayolojia na sasa ni kuchelewa kumrekebisha. Papa ni 鲨, shā, juu kuna 沙 inayosomwa shā na chini kuna samaki. Msomaji akikutana na jina la samaki ambalo hajawahi kuliona maishani, bado anajua ni kitu cha majini na anaweza kubahatisha linavyotamkwa. Hiyo si picha. Hiyo ni hesabu.

Familia nyingine ni ya 青, qīng. Ukiiwekea maji pembeni inakuwa 清 qīng, maji safi, kitu kilicho wazi. Ukiiwekea alama ya maneno inakuwa 请 qǐng, kuomba, tafadhali. Ukiiwekea moyo inakuwa 情 qíng, hisia. Jua, 晴 qíng, anga imetakata. Jicho, 睛 jīng, hapo sauti imeanza kuteleza kidogo. Halafu ukiiwekea mnyama inakuwa 猜 cāi, sauti imepotea kabisa, na maana yenyewe ya hiyo cāi ni kukisia! Nadhani kuna mtu mahali alicheka sana.

Sababu ya kuteleza ni kwamba alama nyingi ziliundwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita na matamshi yamebadilika tangu hapo lakini alama haikubadilika nayo. Kwa hivyo dokezo la sauti mara linakubali, mara linakubali nusu, mara linakudanganya mchana peupe. Msomaji aliyekomaa anajua hilo, hategemei dokezo moja, anachukua hiki kidogo na kile kidogo na sentensi yote inayozunguka, ndio anaamua.

Sasa wengine huniuliza ziko ngapi, na ukiwaambia wanashika kichwa. Mwanazuoni Xu Shen karibu mwaka 100 alitengeneza kamusi yenye alama 9,353, akazipanga chini ya vipande 540. Kamusi ya mfalme Kangxi iliyotoka 1716 ina zaidi ya 47,000, zimepangwa chini ya vipande 214. Lakini hakuna binadamu wa kawaida anayetembea na alama 47,000 kichwani, nyingi ni majina ya zamani na namna tofauti za kuandika kitu kimoja. Mwaka 1988 serikali yao ilitoa orodha ya zinazotumika sana, 2,500 za kwanza na 1,000 za kuongezea, jumla 3,500, na ukizijua hizo unasoma gazeti bila shida. Mkulima kijijini walikuwa wanamhesabu anajua kusoma akifikisha 1,500. Na zile 3,500 hukumbuki kama albamu ya michoro 3,500, unakumbuka vipande mia kadhaa vinavyorudiarudia kwa mpangilio tofauti. Ni kazi, sikatai, lakini sio uchawi.

Turudi kwa sauti maana hapo ndio ubishi huwa mkali. Mtu anasema sawa, sauti iko ndani ya alama, lakini msomaji si anaweza kuiruka? Anaweza kujaribu. Watafiti wamepima hii mara nyingi, na hata mtu akisoma kimyakimya, midomo imefunga, sauti ya neno huamka kichwani. Na huhitaji maabara, angalia tu vile Wachina wanavyotaniana mtandaoni. Tarehe 20 mwezi wa 5 ni siku ya wapendanao yao ya intaneti kwa sababu 520 ukiitamka, wǔ èr líng, inakaribia wǒ ài nǐ, nakupenda. Ni tarakimu tu, hakuna picha yoyote ya mapenzi hapo, ni sikio linacheka. Lifti nyingi hazina ghorofa ya 4 kwa sababu sì ya nne inakaribia sǐ ya kifo. Na serikali ilipoanza kufuta vitu mtandaoni kwa jina la "maelewano", héxié, watu wakaanza kuandika 河蟹, héxiè, kaa wa mtoni, ati posti yangu imeliwa na kaa. Watu wanaosoma kwa macho peke yake hawawezi kutengeneza huo utani.

Hapa wale wa picha huwa wanaleta silaha yao ya mwisho: mbona mtu wa Hong Kong na mtu wa Beijing wanaongea hawasikizani lakini wanasoma gazeti moja? Swali zuri. Jibu ni kwamba hilo gazeti limeandikwa kwa kichina sanifu ambacho kimefuata sarufi ya huko kaskazini, na mtoto wa Hong Kong amefundishwa shuleni kukisoma kwa matamshi ya nyumbani kwao. Akiandika vile anavyoongea kweli na mamake, kwa maneno ya kikantoni kama 係 na 唔 na 嘅, yule wa Beijing anaanza kukwama. Na Mjapani je, si naye anatumia hizo alama? Anatumia, na 手紙 kwake ni barua. Kwa Mchina hiyo ni tishu ya chooni. Sasa niambie picha iko wapi.

Lakini mimi kitu kilichonimaliza sio alama, ni nafasi. Kichina hakina nafasi kati ya maneno. Alama zinafuatana kutoka mwanzo wa mstari hadi kituo, zote zimepewa nafasi sawa, na maneno mengi yana alama mbili, mengine moja, mengine tatu, nne, na hakuna mtu amekuonyesha neno linaishia wapi. Ni wewe ukate.

Mfano ambao hata kwenye utafiti huwa wanautumia ni 花生长在屋后的田里. 花 ni ua. 花生 ni karanga. 生长 ni kumea. Kwa hivyo ukikata baada ya alama ya kwanza unapata "maua yanamea katika shamba la nyuma ya nyumba", ukikata baada ya mbili unapata "karanga zinamea katika shamba la nyuma ya nyumba". Zote halali. Maandishi ni yale yale, hakuna nukta imeongezwa. Ni ile sentensi ya kabla yake ndiyo itakuambia kama tuko kwa bibi anayepanda maua au tuko Busia kwa njugu.

Mwingine maarufu unatoka Nanjing, na huu laoshi wetu alikuwa anaupenda sana kwa sababu ile Taasisi ya Confucius ya Egerton inashirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Nanjing, kwa hivyo ni kama kutuonyesha kwao. Kuna daraja lao kubwa juu ya mto Yangtze lililofunguliwa 1968, na kibao chake ukikiandika kinakuwa 南京市长江大桥. Soma vizuri: jiji la Nanjing, daraja kubwa la mto Changjiang, ndilo jina lao la Yangtze. Kata vibaya: meya wa Nanjing, Bwana Jiang Daqiao. Hii ni kwa sababu hiyo 长 ya katikati ikishikana na ya kushoto inakuwa 市长, shìzhǎng, meya, na ikishikana na ya kulia inakuwa 长江, Cháng Jiāng, jina la mto. Umeona kitu hapo? Alama ni moja lakini inatamkwa zhǎng au cháng kutegemea imeshikana na nani. Yaani huwezi kujua sauti mpaka ujue neno, na huwezi kujua neno mpaka ujue sentensi inaelekea wapi, na sentensi nayo imetengenezwa na hizo alama unazojaribu kusoma. Inazunguka. Na watu zaidi ya bilioni wanafanya hivyo kila asubuhi wakinywa chai.

Kabla hujasema hawa watu wana akili ya ajabu, fikiria mambo unayofanya wewe. "Barabara". Umeisoma aje? Kama nimeandika "barabara ya Mau Summit" unaitamka kivyake, na kama nimeandika "umesema barabara" unaitamka kivingine, mkazo umehama, na hakuna alama yoyote juu ya herufi imekuambia uhamishe. Sentensi ndiyo imekuambia. Wajaluo wanajua zaidi, Dholuo kina toni na kwa maandishi ya kawaida toni haziandikwi, unakutana na "kendo" na unaamua mwenyewe kama ni tena, ni kuoa, au ni pale jikoni mafiga yalipo. Hakuna mtu huanguka chini akisoma Biblia ya Dholuo. Na "hawajatuambia" je? Hiyo ni ha-wa-ja-tu-ambia, vipande vitano vimeshonwa pamoja bila hata nafasi moja, ukavikata vyote ukijua nani hajamwambia nani, na hukuchukua sekunde. Mzungu anayejifunza kiswahili akiliona hilo neno anatoka jasho kama mimi nilivyotoka kwa kichina. Tofauti ni kwamba sisi tunakata ndani ya neno, wao wanakata mstari mzima.

Je, wakiongezewa nafasi si wangesoma haraka? Hata mimi niliamini hivyo, ikabidi nitafute. Bai Xuejun na wenzake walijaribu, wakachapisha 2008. Waliwapa Wachina sentensi za kawaida, na zingine zimewekwa nafasi kati ya maneno, na zingine nafasi kati ya kila alama, na zingine nafasi zimewekwa vibaya makusudi. Zenye nafasi kati ya maneno zilisomwa kwa mwendo ule ule wa kawaida. Sio haraka zaidi, sio polepole. Zilizowekwa nafasi kila alama au nafasi za ovyo ndizo ziliwachelewesha. Kwa hivyo tayari wanasoma maneno, sio alama moja moja, na hiyo kazi ya kukata imeshakuwa nyepesi kwao mpaka ukiwasaidia hawaoni faida. Wageni wanaojifunza ndio nafasi huwasaidia, na hapo mimi napiga kura kwa mikono miwili, vitabu vya wageni viwekewe nafasi na mtu asiniambie nitadekezwa.

Macho nayo yana hadithi yake. Jicho likisoma haliteremki mstari taratibu vile tunavyodhani, linaruka, linatua kama robo sekunde, linaruka tena. Msomaji wa kiingereza akitua anafaidika na herufi 3 au 4 upande wa kushoto na kama 14 au 15 upande wa kulia. Msomaji wa kichina, walivyopima Inhoff na Liu mwaka 1998, anapata alama 1 kushoto na 3 kulia, basi. Inaonekana ni kidogo lakini kumbuka kila alama imebeba silabi nzima na maana yake, kwa hivyo alama tatu ni neno na nusu hivi. Jicho linaruka alama mbili tatu, na zile za mbele ambazo bado halijatua tayari zimeanza kushughulikiwa, kama vile unavyoijua matatu ya Njoro ikiwa bado mbali, kabla hujasoma kibao chake.

Na kwa sababu wanameza alama kadhaa kwa pamoja, kuna sentensi moja ilizunguka sana mtandaoni kwao: 研表究明，汉字的序顺并不定一能影阅响读. Ukimwonyesha Mchina anasoma vizuri, "utafiti unaonyesha kwamba mpangilio wa alama si lazima uathiri usomaji", anakupa simu yako, na wewe unamwambia angalia tena. Alama zimebadilishwa nafasi! Ingefaa iwe 研究表明, imeandikwa 研表究明. Hakuona. Mimi mara ya kwanza niliona haraka sana, na hiyo sio sifa, ni kwa sababu nilikuwa bado nasoma alama moja moja na kidole.

Zamani ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu hata vituo hawakuwa navyo. Vitabu vya kale viliandikwa juu kwenda chini, mistari ikianzia kulia, hakuna mkato hakuna nukta, na mwanafunzi alikuwa anapimwa kwa kujua sentensi inaishia wapi. Alama za vituo za kisasa zilipendekezwa 1919 na wizara ya elimu ikazipitisha mwaka uliofuata, yaani juzi tu ukilinganisha na umri wa hayo maandishi. Gazeti la Guangming lilianza kuandika mistari ya kulala, kushoto kwenda kulia, mwaka 1955, Gazeti la Watu likafuata Januari 1956.

Kuna hadithi yao ya zamani kuhusu hayo mambo ya vituo na naipenda kuliko zote. Mgeni amekuja, mvua ikanyesha, akalala, na kesho yake haonyeshi dalili ya kwenda. Mwenyeji anaona aibu kumfukuza (huku kwetu si tungempa jembe siku ya tatu tumalizane) kwa hivyo anaandika karatasi na kuiacha mezani: 下雨天留客天留我不留. Alama kumi, hakuna kituo. Yeye alimaanisha: "Mvua inanyesha, mbingu inamzuia mgeni. Mbingu inamzuia, mimi simzuii." Heshima na ujumbe umefika. Mgeni anaamka, anaona karatasi, anachukua brashi anaweka vituo vyake: "Siku ya mvua ni siku ya kumweka mgeni. Je, mimi nitawekwa? Nitawekwa!" Halafu anarudi kulala. Hakuongeza alama hata moja, hakufuta hata moja. Nimewahi kuisimulia hii nyumbani Manyatta na shangazi yangu akauliza kama huyo mgeni ni wa ukoo wetu.

Watoto wao je. Mtoto wetu akishika ba be bi bo bu na zile silabi zingine amemaliza, utampa gazeti atakusomea kwa sauti hata habari za bajeti, aelewe asielewe, kwa sababu kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto wa China anaanza na pinyin, ile namna ya kuandika sauti kwa herufi za kilatini iliyopitishwa 1958, halafu alama zinaingia polepole na pinyin juu yake, mpaka siku moja pinyin inaondolewa na anabaki na alama tupu. Na anaandika. Anaandika alama moja mstari mzima, kurasa kwa kurasa, mpaka mkono ujue wenyewe bila kuuliza kichwa. Matokeo yake ni kwamba shida yao na yetu zinapishana: mtoto wetu anaweza kutamka neno ambalo halielewi hata kidogo, na mtu mzima wa kichina anaweza kukutana na alama akajua ni jina la mmea fulani, akaielewa kabisa, na asijue inaitwaje akitakiwa kuisoma kwa sauti mbele ya watu.

Na siku hizi hata huo mkono umeanza kusahau. Wana jina lake, 提笔忘字, umeinua kalamu na alama imetoroka. Sababu ni simu, maana unaandika pinyin, simu inakuletea orodha ya alama zenye sauti hiyo, unachagua. Kuchagua ni kutambua, na kutambua ni rahisi kuliko kukumbuka kila mkwaju, yaani kila mstari wa kalamu, ulipo. Muulize Mchina msomi akuandikie "chafya" kwa kalamu, 喷嚏, hasa hiyo ya pili, halafu mwangalie uso. Kusoma ataisoma bila shida yoyote.

Lingine nilitaka kusema kwa haraka, kuhusu ubongo, kwa sababu kuna video zinazunguka ati Wachina husoma na upande wa kulia wa ubongo ule wa sanaa. Hapana. Kazi kubwa inafanyika kushoto, kama sisi wengine. Kilicho kweli ni kwamba mwaka 2004 Siok na wenzake walionyesha kwamba watoto wa kichina wenye shida ya kusoma, ile dislekzia, walikuwa na tofauti sehemu ya kushoto ya mbele katikati, sio hasa zile sehemu za nyuma ambazo hutajwa kwa wasomaji wa alfabeti. Kwa hivyo namna ya maandishi inagusa namna ya shida. Lakini picha na usanii, hapana, hiyo ni ya TikTok.

Apu za simu zile za kupiga picha maandishi na kutafsiri nazo zinapitia kazi ile ile, lazima ikate mstari kwanza, na ikikata vibaya inakupa meya badala ya daraja. Zimekuwa nzuri siku hizi lakini kwa lebo zenye maneno mawili matatu bila sentensi inayozunguka, apu haina pa kushikilia, ndio maana inabahatisha. Kwa hivyo mafundi wa pampu na sola, hizi zishikeni kwa kichwa tu. 进 ni pale maji yanaingia, 出 ni pale yanatoka, na mkizigeuza msiniite. 开 ni kuwasha, 关 ni kuzima. Kwa betri 正 ni chanya na 负 ni hasi. Kwa chakula tafuteni 生产日期, tarehe ya kutengenezwa, na 保质期, muda wa kukaa bila kuharibika, ambao mara nyingi umeandikwa kama miezi kadhaa, 个月, sio tarehe, kwa hivyo mwenye kuhesabu ni wewe. Tarehe yao inaanza na mwaka 年, halafu mwezi 月, halafu siku 日.

Na kitu kikitoka Taiwan au Hong Kong utakuta 開 na 關 badala ya 开 na 关, kwa sababu huko hawakufuata ule urahisishaji ulioanza China bara 1956. Ni zile zile, zina mikwaju zaidi tu. Kama bado huna uhakika piga picha unitumie kabla hujaunganisha waya, sio baada, na sio saa sita usiku.